Binti wa Bata Huvaa Rangi ya Baba



Bibi yangu mzaa mama alifuga bata Muheza kwa miaka mingi, na karibu wote walikuwa weusi wenye baka jeupe bawani. Mwaka mmoja mjomba alimletea jike wa kahawia, kahawia iliyoiva kama kakao iliyokorogwa bila maziwa. Bibi alimpenda kupita kiasi. Akamfungia pamoja na dume wake mweusi, akamwacha atage, akamngoja aatamie siku zote 35. Vifaranga 11 wakaanguliwa, wote weusi. Msimu uliofuata ikawa vilevile. Bibi akatoa hukumu: damu ya yule jike ni nyepesi, dume ameimeza. Haukupita muda nguchiro akamchukua jike mwenyewe, nasi tukadhani hadithi imeishia hapo.

Mwaka wa tatu dume mzee alichinjwa sikukuu ya Idi, na nafasi yake ikashikwa na kijana mweusi, mmoja wa wale vifaranga 11. Katika uzao wake wa kwanza walitoka vifaranga wawili wa kahawia. Bibi akapiga kigelegele. Walipokua, wote wawili wakawa majike. Msimu uliofuata wakaja wengine watatu, nao pia majike. "Rangi ya marehemu inarudi kwa wajukuu wa kike tu," bibi akasema. "Wa kiume haiwataki."

Nimesoma vitabu vingi vya urithi wa wanyama tangu siku zile, na sijakutana na muhtasari mzuri kuliko huo. Bibi alikosea neno moja tu, lile la mwisho. Wajukuu wa kiume walikuwa nayo ile rangi. Nusu yao waliibeba mwilini bila kuionyesha. Kuwa na kitu na kukionyesha ni mambo mawili, na kwa bata, jinsia huingilia yote mawili kwa njia mbili zisizofanana. Mfugaji anayezichanganya njia hizo atachinja dume aliyepaswa kumweka, na atamweka aliyepaswa kuingia chunguni. Nimewaomba mje leo kwa sababu hiyo.

Kwanza tujue tunazungumzia bata gani. Neno letu "bata" limebeba spishi mbili. Yule wa nyua zetu nyingi, mwenye vinundu vyekundu usoni, asiyepiga kelele bali dume wake hufoka kwa pumzi, ni bata wa Muscovy. Jina hilo lisiwapeleke Urusi. Asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini, na wenyeji wa huko walikuwa wamekwisha kumfuga kabla meli za Wahispania hazijafika. Wa pili ni yule anayelia "kwa-kwa-kwa," mwenye dume wa manyoya yaliyojikunja mkiani. Huyo ametokana na bata mwitu wa kaskazini mwenye kichwa cha kijani, na ndiye baba wa Pekin, Rouen, Campbell na wengine wengi. Mayai yake huanguliwa kwa siku 28. Ukiwachanganya hao wawili utapata chotara mnene wa nyama, lakini tasa kama nyumbu. Kwa hiyo rangi ya Muscovy huwezi kuihamishia kwa Campbell kwa kupandisha. Hata hivyo kanuni ya urithi nitakayoieleza inawahusu wote wawili sawasawa.

Kwa binadamu, baba ndiye anayeamua jinsia ya mtoto, kwa kuwa ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti, X na Y. Kwa ndege kazi hiyo ni ya mama. Bata ana kromosomu 80 katika kila seli, na mbili kati ya hizo ni za jinsia. Dume ana Z mbili. Jike ana Z moja na W moja, na W ni fupi, haina jeni nyingi zilizo kwenye Z.

Sasa fuateni safari ya Z, maana hapo ndipo penye siri yote. Mama ana Z moja tu. Yai litakalokuwa dume amelipa Z hiyo. Yai litakalokuwa jike amelipa W. Maana yake ni kwamba binti wa bata hapati Z kwa mama yake hata siku moja. Z pekee aliyonayo ameipata kwa baba. Tabia yoyote iliyoandikwa kwenye Z, binti huichukua kwa baba yake, na mama hana sauti katika jambo hilo. Kijana wa kiume hupata Z moja kwa kila mzazi.

Jeni inayoamua kama rangi nyeusi ya unyoya itabaki nyeusi au itageuka kahawia imekaa juu ya hiyo Z. Ndivyo ilivyo kwa Muscovy, na ndivyo ilivyo pia kwa bata wa jamii ya Campbell, ingawa mabadiliko yenyewe yalitokea mbalimbali katika kila spishi. Kahawia ni jeni inayojificha: ikikutana na nyeusi, nyeusi hutawala. Dume mwenye Z moja ya kahawia na moja ya nyeusi ataonekana mweusi. Jike hana nafasi ya kuficha. Ana Z moja, na kilichoandikwa humo ndicho atakachokivaa.

Rudini sasa Muheza. Jike wa kahawia alikuwa na Z ya kahawia na W. Dume mzee alikuwa na Z mbili nyeusi. Mabinti wote walipata Z nyeusi ya baba, wakawa weusi kabisa, hata chembe ya kahawia hawana. Vijana wote walipata Z nyeusi ya baba na Z ya kahawia ya mama. Weusi kwa nje, wabebaji kwa ndani. Yule kijana aliyerithi uwanja alikuwa mmoja wao. Alipopanda majike weusi, nusu ya mabinti zake walipata Z yake nyeusi na nusu ile ya kahawia. Wale waliopata kahawia wakaivaa wazi. Wanawe wa kiume walilindwa na Z nyeusi ya mama zao. Damu ya marehemu haikuwa nyepesi. Ilikuwa imepita mkono wa mwanawe kabla ya kuwafikia wajukuu.

Watu wa kwanza kuufuatilia mkondo huu hawakuwa wafugaji wa bata. Mwaka 1906 Waingereza Doncaster na Raynor waliueleza kwa nondo, ambao kama ndege, jike ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti. Mwaka 1908 Florence Durham na mwenzake Marryat, waliofanya kazi na kundi la William Bateson kule Cambridge, waliuonyesha kwa ndege wadogo wa kufugwa, kanari, tena kwa rangi ya mdalasini inayofanana sana na kahawia yetu. Nzi maarufu wa Thomas Morgan, yule mwenye macho meupe, alikuja mwaka 1910. Ninapenda kuwakumbusha wanafunzi wangu mpangilio huo wa miaka, kwa sababu vitabu vya shule huanza na nzi, na ndege wakasahaulika.

Geuzeni sasa ndoa ile. Chukueni dume wa kahawia, mwenye Z zote mbili za kahawia, mpandisheni kwa majike weusi. Kila binti anapata Z ya kahawia kwa baba: mabinti wote ni kahawia. Kila kijana anapata kahawia kwa baba na nyeusi kwa mama: vijana wote ni weusi. Vifaranga wakikauka tu chini ya mama yao, kabla hawajala punje ya kwanza, unawajua. Vinyoya vyenye giza jeusi ni madume. Vyenye giza la kahawia ni majike. Mtoto wa darasa la pili anaweza kuwatenga katika vikapu viwili. Mfugaji wa mayai hana haja ya madume mengi. Dume mmoja huwatosha majike watano au sita. Kumlisha kifaranga miezi miwili ndipo ugundue ni dume usiyemhitaji ni hasara ambayo wengi wenu hapa mmeilipa.

Mtaniambia kwamba kifaranga wa bata anaweza kukaguliwa kwa kumfungua tundu la nyuma, kwa kuwa dume wa bata, tofauti na jogoo, ana kiungo kinachoonekana tangu siku ya kwanza. Ni kweli, na mwenye mkono uliozoea hufanya hivyo haraka. Ila nimeona vifaranga walioumizwa na mikono isiyozoea, na sipendekezi mtu ajifunzie kwa kundi lake mwenyewe bila mwalimu. Rangi haimgusi kifaranga.

Lakini angalieni sharti. Hesabu hii inataka baba awe kahawia na mama awe mweusi. Ukianza na baba mweusi na mama wa kahawia, hupati kitu cha kutenganisha. Wote watafanana, kama bibi alivyoona. Tena ni ya kizazi kimoja tu. Ukichukua wale vijana weusi na dada zao wa kahawia ukawapandisha wao kwa wao, utapata madume weusi, madume kahawia, majike weusi na majike kahawia, robo kwa robo, na rangi haitakuambia chochote tena juu ya jinsia. Nimewahi kuletewa lawama na mfugaji aliyedhani kahawia ni rangi ya kike. Alikuwa ameuza kila kifaranga wa kahawia kama jike kwa misimu miwili, na wateja wakamrudia kwa hasira. Kahawia haina jinsia. Kinachoonyesha jinsia ni mpangilio wa wazazi.

Sasa nije kwenye njia ya pili, na hapa nataka twende taratibu, maana ndipo hata wasomi huteleza.

Katika kijiji cha Uley, Gloucestershire, Uingereza, mwanamke aitwaye Adele Campbell alitaka bata atakayetaga kama bata wembamba wa Runner lakini awe na nyama zaidi. Akamchanganya jike wa Runner na dume wa Rouen, akaongeza damu ya bata mwitu. Mwaka 1898 bata wa Campbell walitangazwa, na mwanzoni mwa karne ya 20 akatoa wale wa rangi ya kaki. Uingereza ilikuwa katika Vita vya Makaburu kule Afrika Kusini, na kaki ilikuwa nguo ya askari wake. Jina likashika. Makundi yaliyochaguliwa vizuri ya bata hao hupita mayai 300 kwa mwaka kwa kila jike.

Mtazameni dume wa Campbell wa kaki akisimama kando ya jike wake. Mwili wa wote wawili ni kaki, na kaki hiyo inatokana na jeni ya kahawia iliyo kwenye Z. Lakini kichwa cha dume kina mng'ao wa shaba yenye kijani, na cha jike ni kaki tupu kama mgongo wake. Mwanafunzi akiona hivyo huniambia mara moja: kichwa kinatofautiana kwa jinsia, basi jeni ya kichwa iko kwenye kromosomu ya jinsia. Hapana! Kilicho kwenye Z ni kile ambacho dume na jike wanafanana nacho, yaani kaki. Kile wanachotofautiana, yaani kichwa, hakiletwi na safari ya Z hata kidogo. Kinaletwa na homoni.

Tunalijua hilo kwa majaribio ya zamani sana. Mwanzoni mwa karne iliyopita Mmarekani H. D. Goodale aliwafanyia upasuaji bata wa Rouen. Madume waliohasiwa walibaki na manyoya ya kidume. Majike walioondolewa ovari, ambayo kwa ndege ni moja tu inayofanya kazi, ile ya kushoto, waliota manyoya mapya, na manyoya hayo yalikuwa ya dume: kichwa cha kijani, kifua cha rangi ya divai. Fikirini maana yake. Jike alikuwa na maagizo yote ya kutengeneza kichwa cha kijani tangu alipokuwa ndani ya yai. Estrojeni ya ovari yake ndiyo iliyokuwa ikimwambia, kila anapobadilisha manyoya, avae vazi la kujificha anapoatamia. Sauti ya homoni iliponyamaza, vazi lingine likatoka. Wafugaji wa zamani waliwahi kuona jike mzee aliyeacha kutaga akianza kuota kichwa cha kijani, wakaogopa. Ovari yake ilikuwa imechoka, basi.

Tofauti hii ina faida ya moja kwa moja kwa mfugaji. Tabia inayoongozwa na homoni, jike anaweza kuirithisha ingawa haionyeshi. Jike wa Rouen anampa mwanawe jeni za kichwa kizuri au kibaya sawa na baba anavyompa, na mfugaji anayechagua madume kwa uzuri wa kichwa huku akiokota majike bila kuangalia ukoo wao, anatupa nusu ya kazi yake. Tabia iliyo kwenye Z, jike anaionyesha yote aliyonayo na hana ya kuficha. Wa kuogopa ni dume. Ya homoni hufichwa na jike. Ya Z hufichwa na dume.

Kuna swali ninaloulizwa mara nyingi: kwa nini dume mbebaji asiwe na mabaka, kama paka wa kike mwenye rangi ya machungwa na nyeusi? Paka ni mnyama anyonyeshaye, na katika kila seli ya paka jike X moja huzimwa, kama Mary Lyon alivyopendekeza mwaka 1961. Mahali hapa imezimwa hii, pale ile, na ngozi ikawa na viraka. Ndege hawazimi Z nzima namna hiyo. Z zote mbili za dume hufanya kazi katika seli ileile, na nyeusi hutosha kuifunika kahawia. Ndiyo sababu dume mbebaji hakupi dalili yoyote ukimtazama, hata ukimshika juani ukamgeuza unyoya kwa unyoya.

Si kila rangi iko kwenye Z, na siwezi kuondoka bila kuwaambia habari ya bluu. Bluu ya bata ni jeni iliyo kwenye kromosomu za kawaida, haijali jinsia. Nakala moja humfanya bata mweusi awe bluu ya moshi. Nakala mbili humfanya awe wa fedha, karibu na mweupe. Bluu kwa bluu huzaa robo weusi, nusu bluu, robo fedha, daima. William Cook wa Orpington, Kent, yule aliyetuletea kuku wa Orpington, alitoa pia bata wa rangi ya ngozi iliyofifia. Rangi yake ilijengwa juu ya kahawia na nakala moja ya bluu. Nakala moja! Kwa hiyo bata wake bora kuliko wote, wakipandishwa wao kwa wao, walizaa robo waliofifia mno na robo waliokolea mno, na hakuna uchaguzi utakaoliondoa hilo, hata ukichagua miaka 100. Inaniuma ninapofikiria bata wazima waliotupwa kwa kosa la "ukoo mchafu" na watu waliokuwa wakipigana na hesabu.

Weupe wa Pekin nao ni shuka lililotandikwa juu ya kila kitu. Mwaka 2018 watafiti wa China walionyesha kwamba weupe huo unatokana na kipande cha ziada ndani ya jeni iitwayo MITF, inayosimamia seli za rangi. Rangi isipotengenezwa, huwezi kujua kama chini yake kuna nyeusi, kahawia au bluu. Ukimwingiza Pekin katika kundi lako la kahawia ukapata vifaranga weusi tii, usimlaumu aliyekuuzia. Shuka limefunuliwa.

Nimalizie na kazi iliyoko mbele yangu nyumbani. Jirani yangu amenunua dume mweusi wa Muscovy, mkubwa, mwenye kifua kipana, na anataka kujua kama amebeba kahawia. Shauri lake la kwanza lilikuwa kumpandisha kwa majike weusi na kungoja. Nilimwambia ingewezekana, lakini ni majike tu watakaotoa ushahidi. Madume wote watatoka weusi hata kama baba ni mbebaji, na yeye asingewatambua hadi wakue. Tumemtafutia jike wa kahawia. Hapo kila kifaranga ni shahidi, dume kwa jike, kwa kuwa mama hana nyeusi ya kumfunika yeyote. Kifaranga mmoja wa kahawia akitoka, shauri limekwisha: baba ni mbebaji. Wakitoka saba, wote weusi, nafasi ya baba mbebaji kubahatika kujificha hivyo ni 1 kati ya 128, nami nitakuwa tayari kumwandikia kwa wino kwamba ni safi.

Jike ameatamia mayai 13. Leo ni siku ya 26. Jirani ameniahidi kunigongea mlango, hata kama ni usiku.